Mbona Nasomea Uhandisi wa Kemikali na Mnasema Kazi Hakuna

Wasee, wacha tuongelee hii mambo mara moja tumalize. Kila nikiweka video kuna maswali mawili hayakosi. La kwanza ni la meno yangu. La pili ni la kozi yangu. Watu hudhani ni maswali tofauti, kumbe jibu lake ni moja. Ndiyo maana leo nimeamua kuandika badala ya kuongea, kwa sababu video ya dakika moja haiwezi kutosha.

Tuanze na meno. Yana rangi ya kahawia, naona mnaona. Si sigara, si miraa, na mswaki napiga mara mbili kwa siku kama nyinyi. Nilikulia pembeni mwa Nakuru tukinywa maji ya kisima kirefu. Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkano, na maji yakikaa ndani ya hiyo miamba kwa muda mrefu huchukua floraidi. Floraidi kidogo husaidia meno, ndiyo maana iko kwenye dawa ya meno. Ikizidi, huharibu jino la mtoto likiwa bado linajijenga ndani ya ufizi, kabla hata halijatokeza. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji. Kuna visima huku kwetu vinapita hapo mara kadhaa. Ukiyanywa hayo maji miaka yako ya kwanza 8 hivi, basi, rangi imeingia ndani ya jino na hakuna mswaki utaitoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi inafika hadi kwenye mifupa.

Mathe alikuwa anachemsha maji kila jioni, na alikuwa na sababu nzuri, kwa sababu kuchemsha kunaua vijidudu. Lakini floraidi haitoki na mvuke. Maji yakipungua kwa sufuria, floraidi inabaki palepale, kwa hivyo kila lita iliyobaki inakuwa nayo zaidi kidogo. Haina rangi, haina harufu, na huwezi kuionja. Hayo yote niliyajua nikiwa kidato cha tatu, kwa darasa la kemia. Nikamwuliza mwalimu, sasa inatolewaje? Akaniambia kuna njia kadhaa, mojawapo ni mkaa wa mifupa. Unachukua mifupa ya ng'ombe, unaichoma kwa joto kali bila kuiachia hewa nyingi, unaisaga iwe chembechembe, halafu unapitisha maji katikati yake. Floraidi inashika kwenye mkaa, maji yanatoka yakiwa safi. Hii si hadithi ya vitabuni, kule Nakuru kuna watu wameifanya kwa miaka mingi.

Nilidhani hapo tumemaliza. Dawa ya meno ya watoto wa mtaa wetu imepatikana, si ni mifupa tu? Mbona bado tunakunywa maji yale yale?

Hilo swali ndilo lilinipeleka kwa hii kozi. Niko mwaka wa nne sasa, na naweza kuwaonyesha kwa hesabu.

Tuseme kuna mtaa wa watu 1,000. Kila mtu anahitaji lita 5 za kunywa na kupikia kwa siku, hiyo ni lita 5,000. Tuseme maji yana floraidi miligramu 6 kwa lita na tunataka ishuke hadi 1.5. Kila lita tunatoa miligramu 4.5, kwa hivyo kwa siku tunatoa gramu 22.5. Ni kidogo, inatoshea kwa kiganja. Lakini mkaa wa mifupa hushika floraidi kidogo sana. Tuseme kila gramu ya mkaa inabeba miligramu 2 kabla ichoke. Hapo utahitaji zaidi ya kilo 11 za mkaa kila siku. Kwa mwaka ni kama tani 4. Tani 4 za mkaa, mtaa mmoja, na huo ni mtaa mdogo.

Sasa anza kujiuliza. Hiyo mifupa inatoka wapi, na kabla ya kuchomwa ni mingi kiasi gani? Tanuri litatumia kuni, gesi au stima? Ukichoma na joto kidogo, maji yatanuka. Ukizidisha joto, mkaa unapoteza nguvu ya kushika. Maji yapite kwa kasi gani ndiyo yakae na mkaa muda wa kutosha? Mkaa ukichoka, nani atajua, na floraidi haina ladha? Ukishachoka unautupa wapi? Na mwisho kabisa, mtungi mmoja utauzwa pesa ngapi, na mama mboga ataweza kuununua?

Mwanakemia anakuambia kwamba floraidi inashika kwenye mkaa. Injinia wa kemikali ndiye anafaa kujibu hayo maswali mengine yote. Kazi yake ni kuchukua kitu kilichofanya kazi kwa glasi moja maabarani na kukifanya kifanye kazi kwa mtaa mzima, kila siku, bila kuumiza mtu, kwa bei ambayo watu wataweza kulipa.

Ndio, najua kuna wenye bado mnauliza, "Kwa hivyo utakuwa unatengeneza sabuni?" Aki hii swali. Kila Krismasi lazima niulizwe na mjomba yule yule. Lakini wacha niijibu kwa heshima, kwa sababu sabuni imenifunza kitu ambacho darasa halikunifunza vizuri.

Shangazi yangu hutengeneza sabuni ya maji ya kuuza mtaani. Alianza na ndoo ya lita 20, watu wakaipenda. Akaamua kupanda, akanunua pipa la lita 200. Akazidisha kila kitu mara 10: ungarol, asidi, kostiki soda, chumvi, rangi na manukato. Fomula ni ile ile. Sabuni ikatoka vituko. Mitungi mingine ilikuwa mizito kama uji, mingine maji tupu, na wateja wawili wakarudi wakilia mikono inawachoma.

Shida ilikuwa ukubwa wa chombo, fomula haikuwa na makosa. Ukichanganya asidi na kostiki, joto linatoka. Kwenye ndoo hilo joto linapotelea haraka kwa pande zote. Lakini ujazo ukipanda mara 10 kwa chombo cha umbo lile lile, eneo la nje linapanda kama mara 4.6 pekee. Joto ni mara 10, na njia ya kutokea haijafika hata mara 5. Halafu mwiko wa ndoo haufiki chini ya pipa, kwa hivyo kostiki inakaa pahali pamoja na asidi pahali pengine. Chumvi nayo iko na tabia zake: kidogo inafanya sabuni iwe nzito, ukipitisha kiwango inageuka kuwa maji. Pahali chumvi imerundikana, sabuni imekufa.

Kama umewahi kuona pilau ya harusi imeungua chini na juu mchele bado mgumu, na mpishi ni yule yule ambaye pilau yake ya nyumbani ni tamu, unaelewa naongea nini.

Tulikaa Jumamosi mbili na shangazi. Tukaanza kuyeyusha kostiki kando, tukiimimina kwenye maji baridi wala si maji kwenye kostiki, na glavu na miwani zikiwa zimevaliwa, halafu tunaiacha ipoe. Asidi tukaingiza polepole. Fundi wa kuchomelea akatutengenezea kasia ndefu inayofika chini. Tukanunua karatasi za kupima pH, na kila pipa linapimwa juu, katikati na chini kabla halijaingia mitungi. Hakuna mtu amerudi kulia tena. Mjomba, kama unasoma hii, ndiyo, natengeneza sabuni.

Hii taaluma yenyewe ilianza na watu waliogundua kitu kama hicho. Mwaka 1887 Mwingereza anaitwa George E. Davis alitoa mihadhara 12 kule Manchester, akisema viwanda vinavyoonekana tofauti kabisa vinafanya kazi zinazofanana: kupasha joto, kukausha, kuchuja, kutenganisha. Mwaka uliofuata MIT kule Marekani wakaanzisha kozi. Hiyo fikra bado ndiyo nguvu yetu. Majani ya chai Kericho yanakaushwa, maziwa ya unga yanakaushwa, sukari inakaushwa. Mashine hazifanani, lakini hesabu ya maji kutoka kwa kitu kibichi ni ya familia moja. Ukiijua vizuri, huna haja ya kufungwa na kiwanda kimoja maisha yako yote.

Sasa tuje kwa lile swali lenyewe. Kazi iko?

Sitawadanganya. Ukifungua tovuti za kazi na uandike "injinia wa kemikali", utapata matangazo machache sana, na mengi yanataka uzoefu wa miaka 5 ambayo hakuna mtu anakuambia utaipatia wapi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza 1963, kiliacha kusafisha mafuta 2013. Mafuta yaligunduliwa Turkana 2012, na meli ya kwanza ya mafuta ghafi ikaondoka Mombasa 2019. Hapo katikati ni miaka 7, na digrii yetu ni miaka 5. Mtu aliyechagua kozi kwa sababu ya taarifa za saa moja usiku angemaliza shule na kukaa nyumbani miaka miwili kabla hata ya hiyo meli moja. Kwa hivyo usichague kozi yoyote kwa sababu ya kichwa cha habari.

Lakini pia kuna upande mwingine, na huu hamuambiwi. Kazi nyingi za injinia wa kemikali hazina jina hilo. Maji ya Nairobi, mengi yake, hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, yanapitia kituo cha Ngethu kusafishwa kabla yafike kwa bomba lako. Pale maji yanatiwa shabu ili uchafu ushikane na uzame, yanachujwa kwa mchanga, yanawekwa klorini. Kipimo cha shabu hakiwezi kuwa kimoja siku ya jua na siku mvua imeleta matope. Kuna mtu anafanya hiyo hesabu. Ziwa Magadi, Kajiado, wamekuwa wakitoa magadi kibiashara tangu 1911: wanachimba chumvi ya ziwa, wanaichoma itoe maji na kaboni dioksidi, inayobaki inaenda kutengeneza vioo na sabuni. Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa stima ya mvuke wa ardhini ulianza 1981, maji ya chini yanapanda na silika, yakipoa silika inaganda ndani ya mabomba kama kutu kwa birika. Kuna mtu kazi yake ni kuzuia hilo. Ongeza saruji, bia, sukari, rangi za nyumba, dawa, plastiki, karatasi, maji taka. Tangazo litasema "msimamizi wa uzalishaji", "afisa wa ubora", "afisa wa mazingira". Ukitafuta jina la kozi yako tu, utasema kazi hakuna na utakuwa umezipita 10.

Bado ni ngumu, na ningependa ujue ugumu wenyewe ulivyo kabla hujajaza fomu.

Hisabati haziishi. Unamaliza moja inakuja nyingine, na hiyo nyingine inadhani ile ya kwanza uliielewa. Kuna muhula nililala saa 4 usiku mmoja tu kwa wiki, huo mwingine wote nilikuwa nasongwa na joto na mtiririko. Halafu kuna atachimenti. Mwaka jana niliandika barua 31 za kuomba. Nilijibiwa na kampuni 2. Iliyonichukua haikunilipa kitu, na wiki 3 za kwanza nilikuwa wa kupanga faili na kutumwa chai. Wiki ya nne nikamfuata fundi wa zamu ya usiku, mzee wa makamo ambaye hajasoma digrii, nikamwomba anifunze pampu. Huyo mzee anajua kwa sauti tu kwamba pampu inameza hewa. Nilijifunza kwake kwa mwezi mmoja kuliko muhula mzima.

Na ukimaliza miaka 5 bado si injinia kwa sheria. Bodi ya Wahandisi Kenya, chini ya sheria ya 2011, inakusajili kwanza kama mhandisi mhitimu, halafu unafanya kazi miaka kadhaa ukisimamiwa kabla uitwe mhandisi kamili. Wale wanataka kujiita "Eng." kwa wasifu wa Instagram wakiwa mwaka wa pili, pole.

Hapo kwa atachimenti ndipo nilikaribia kuacha. Wacha niwe wazi. Hizi video zenu zinanilipa. Si doo nyingi, lakini mwezi mzuri zinalipa kodi ya nyumba na chakula kinabaki. Binamu yangu anauza simu, hajawahi kukanyaga chuo, na mwaka huu amenunua gari. Mimi nilikuwa na barua 29 bila majibu na viatu vya usalama nilivyonunua kwa pesa yangu. Nikapiga hesabu: mwaka mmoja wa kontenti bila masomo, ningeomoka kiasi gani? Hesabu ilitoka vizuri. Nikampigia mathe nikamwambia nafikiria kuahirisha masomo.

Hakunipigia kelele. Alinyamaza, halafu akaanza kuniambia habari za nyumbani kana kwamba hajasikia. Kitinda mimba wetu ana miaka 4. Siku hizi wananunua maji ya mtungi kwa ajili yake peke yake. Wengine wote wanakunywa ya kisima. Mtungi ukiisha kabla ya mwisho wa wiki anapunguza vitu vingine, lakini mtoto hapewi ya kisima. "Meno yake bado hayajatoka yote," akaniambia. Kisha: "Maliza kwanza. Kuacha utaweza wakati wowote."

Sikurudi darasani kwa sababu ya maneno matamu. Nilirudi kwa sababu ya ile tani 4. Nilijua hesabu ambayo mtaa mzima wetu hauijui, na nilijua haijakamilika. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni huo: mkaa wa mifupa, na jinsi ya kujua umechoka bila kupeleka maji maabarani kila wiki. Unaweza kufeli. Sina uhakika nitaajiriwa. Lakini simu anaweza kuuza mtu yeyote mwenye bidii, na mtaani kwetu sijui mwingine anayekaa usiku na hii hesabu.

Kwa hivyo wewe uliye na fomu ya KUCCPS mkononi, au uko gredi ya 10 na unaangalia njia ya STEM, sikuambii "fuata ndoto yako". Nakuambia ufanye mambo manne.

Angalia kwanza kama kozi ya chuo unachotaka imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi. Uliza kabla ya kulipa karo, usiulize siku ya kuhitimu. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret ni mojawapo ya vyuo vinavyofunza uhandisi wa kemikali, na si vingi.

Angalia alama zako za hisabati, fizikia na kemia bila kujidanganya. Kama alama hazijafika, usilie. Kuna diploma ya uhandisi wa kemikali kwa vyuo vya kiufundi, na mtu wa diploma anayejua pampu anaheshimiwa kiwandani. Muulize yule mzee wangu wa zamu ya usiku.

Tafuta kiwanda kimoja karibu na kwenu, hata kama ni cha maziwa, hata kama ni cha shangazi, na ujue vitu vinaingiaje na vinatokaje. Fanya hivyo kabla ya kujiunga. Ukiona inakuchosha, umeokoa miaka 5 ya maisha yako na karo ya wazazi.

La mwisho, tafuta swali lako. Si lazima liwe kubwa. Taka za plastiki za mtaa wenu, moshi wa tanuri la matofali, maziwa yanayoharibika kabla yafike sokoni. Hii kozi ina usiku mrefu, na siku kazi haionekani ni hilo swali tu litakufanya ufungue kitabu. Mwenye amekuja kwa ajili ya jina la injinia huwa anatoka mwaka wa pili, nimewaona.

Fomu hufungwa tarehe ikifika, haingoji mtu. Kama umeshaamua, jaza. Kama bado una swali la kozi, niulize, nitajibu nikitoka maabarani. La meno nimeshajibu.